Leseni Ukutani, Majitaka Mtaroni: Mwongozo kwa Wakili Chipukizi wa Mazingira

Hongera, mdogo wangu, kwa kuziacha kesi za talaka na mipaka ya mashamba ukaja upande huu. Kwenye sheria ya mazingira wateja wana pesa, ofisi zina viyoyozi, na hakuna anayelia mbele ya meza yako. Wanaolia wako nyuma ya ukuta wa kiwanda, na hao si wateja wako. Kazi yenyewe ni nyepesi ukishaielewa: mwenye biashara anataka kutii sheria ya mazingira pasipo kubadilisha chochote anachoyatendea mazingira, nawe unalipwa umtafutie njia.

Soma sheria mara moja tu, usije ukaizoea. Ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya, nambari 8 ya 1999, ambayo sote tunaiita EMCA, na ndiyo iliyotuletea NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu cha 58 kisome polepole kwa sababu kila wiki utaombwa kukipinda. Kinamtaka mwenye mradi apeleke ripoti ya tathmini ya athari za mazingira kabla hajaugharimia mradi, kabla hajauanza, kabla hajauendeleza. Tazama sheria inapoanzia: kwenye pesa. Yaani mtu aje kwako kabla hajaenda benki. Mteja wa namna hiyo mimi bado namsubiri, na ukimpata wewe umwekee kiti kizuri.

Mteja utakayempata ni mwingine. Atakuja akiwa na picha kwenye simu. Nguzo za ghorofa ya tatu zimesimama, nondo zimechomoza juu, na kwenye geti kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi nyingi. "Wakili, kuna kajambo kadogo. Jamaa wa NEMA walipita." Kajambo hako kadogo ni amri ya kusimamisha ujenzi. Usimuulize kwa nini hakuja mapema, utamwaibisha bure. Mkandarasi alimwambia mambo ya NEMA ni karatasi tu, msanifu akamwambia hivyo hivyo, na shemeji yake aliyejenga Nyali akaapa kwamba yeye hakuulizwa kitu. Wewe muulize tu kama ripoti ya tathmini iko. Atajibu, "Iko." Halafu ataangalia dirishani. "Yaani, inaandikwa."

Hapo mradi wa mteja unahitaji kupunguzwa uzito. Tangu 2019 miradi imegawanywa kwa kadiri ya hatari zake kwa mazingira: ya chini, ya kati na ya juu. Hatari ikipanda, ripoti inanenepa, na muda unarefuka. Mradi wa mteja wako ni wa hatari ya chini. Sijauona, lakini najua, maana hajazaliwa mteja aliyeingia ofisini akasema wangu ni wa hatari ya juu. Kiwanda cha rangi utaelezwa kuwa ni ghala lenye mapipa. Machinjio ni biashara ya nyama. Tanuri la kuyeyusha vyuma ni karakana, na moshi wake, ukiuliza, huwa unaenda juu.

Kuhusu ripoti yenyewe, sheria inataka iandikwe na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Wapo wazuri, nakuonya mapema. Wazuri wanakuja na viatu vya matope, wanauliza maji ya kisima yako futi ngapi chini, wanataka kuzungumza na majirani, na mwisho wanaweza kukuambia kiwanja hiki hakifai. Mtaalamu unayemtaka ni yule anayeomba vitu viwili kwa simu: jina la mradi na namba ya kiwanja. Ripoti inakuja Ijumaa, imefungwa vizuri. Usishangae ukikuta ripoti ya kituo cha mafuta kisiwani Mombasa inaahidi kulinda njia ya ndovu. Ndovu walikuwa katika mradi uliotangulia, na kuwafuta kunahitaji mtu aisome.

Mwishoni mwa ripoti kuna jedwali linaloitwa mpango wa usimamizi wa mazingira. Lina safu nne: athari, hatua ya kuipunguza, mhusika, gharama. Hili lichunguze, kwa kuwa ndilo jambo pekee katika kitabu kizima ambalo siku moja litasomwa kwa sauti mahakamani. Vumbi: barabara itanyunyiziwa maji mara mbili kwa siku. Kelele: jenereta itajengewa chumba. Majitaka: yatasafishwa kabla ya kutolewa. Miti ya kienyeji itapandwa. Kwenye safu ya mhusika andika "mwenye mradi" kuanzia juu hadi chini, na kwenye gharama andika "imo katika bajeti". Mwenye mradi hajui kwamba ameahidi haya yote. Bajeti nayo haijui.

Leseni ikitoka, mpongeze mteja na umnunulie fremu. Leseni ya tathmini ya mazingira ina zaidi ya ukurasa mmoja. Wa kwanza una nembo, namba na jina la kampuni. Zinazofuata ni masharti, na masharti hayo yamechotwa kutoka lile jedwali ambalo hakuna aliyelisoma. Fremu inachukua ukurasa mmoja tu. Kurasa nyingine zitabaki kwenye faili, na faili atakaa nalo mhasibu aliyeacha kazi Machi.

Sasa tuje kwenye mikutano ya wananchi, ambayo ndiyo fani yenyewe. Kanuni za tathmini za 2003 zinataka mambo mengi mradi unapofanyiwa utafiti kamili: mabango sehemu za wazi karibu na mradi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Mteja akisikia "mitatu" atashika kichwa. Mtulize. Mikutano mitatu ni bei ya soda kreti kumi na mikate, pamoja na nauli, na daftari la mahudhurio lenye mistari mirefu ya saini. Daftari ndilo muhimu. Aliyekuja kupinga na aliyekuja kwa ajili ya soda wote wanasaini mstari mmoja, na kwenye ripoti wote wanaitwa "wadau walioshirikishwa".

Siku ya mkutano chagua Ijumaa saa saba mchana, hasa kama mtaa ni wa Waislamu. Ukumbi utakuwa na nafasi ya kutosha. Wasilisho liwe la Kiingereza, lenye michoro ya duara na mishale. Chifu afungue kikao. Mwakilishi wa vijana aahidiwe ajira. Akisimama mzee mvuvi akauliza maji mtakayoyarudisha baharini yatakuwa na joto kiasi gani, na samaki wa kwenye mikoko watafanyaje, mjibu kwamba swali lake ni zuri sana na litajibiwa kwenye ripoti kamili. Ripoti kamili iwe na mamia ya kurasa, na nakala moja iwekwe katika ofisi inayofungwa saa kumi.

Muhimu kuliko yote, mikutano ifanywe kabla ripoti haijaandikwa. Watu wataulizwa wanaonaje jambo ambalo halijaelezwa, watasema wanaona vyema, na utafiti ukikamilika usirudi kwao. Njia hii ilijaribiwa Lamu kwa kiwango kikubwa. Kampuni ilitaka kujenga kule Kwasasi kinu cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, kaunti moja na mji mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA ikatoa leseni Septemba 2016. Wenyeji, chini ya jina la Save Lamu, wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Walibeba kila aina ya hoja: moshi, majivu, samaki, mikoko, afya, utalii. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni. Na nguzo iliyoangusha jumba hilo lote ilikuwa mikutano. Jopo lilisema mikutano iliyofanywa kabla ya utafiti kukamilika ilikuwa ya kujulishana tu. Watu hawakurudiwa wakaelezwa utafiti umegundua nini na athari zitadhibitiwaje. Likaongeza kwamba ripoti haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kana kwamba kuchoma makaa kuna uhusiano wowote na tabianchi.

Uamuzi huo mfiche mteja wako. Akiusoma atapiga hesabu ya karibu miaka mitatu kati ya leseni na kufutwa kwake, atapiga hesabu ya riba ya benki, kisha atakuambia umwitishie mikutano ya kweli, kwa Kiswahili au Kiamu, jioni watu wakiwa wametoka baharini, na muhtasari wa kurasa chache mkononi mwa kila mtu. Mikutano ya kweli ina tabia mbaya. Mara nyingine bomba la majitaka linahamishwa kwa sababu ya bibi mmoja aliyesema hapo mnapolipitisha ndipo maji ya mvua yanaposimama kila masika. Mhandisi aliyelipwa laki nyingi hakuliona hilo. Utamtetea vipi?

Swali la chai mteja ataliuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, akisogeza kiti. Mjibu hapana, na wala usijifanye mchamungu. Leseni iliyonunuliwa inamnyamazisha aliyeiuza peke yake, haimnyamazishi jirani. Anayepinga utoaji wa leseni ana siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo, na kule hakuna wa kumtambua mteja wako kwa ukarimu wake. Zaidi ya hapo ipo Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ya 70 inamruhusu aende mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote ameshaumia. Wenye viwanda wengi wakisomewa ibara ya 70 huuliza nani aliipitisha. Waliipitisha wao, kwenye kura ya maoni, Agosti 2010.

Kuna aina moja ya mfanyakazi ambaye kampuni isimwajiri kamwe: yule anayepewa kazi ya ripoti ya mazingira kisha akaifanya. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri kuukuu za magari hapa Mombasa, kilichopakana na mtaa wa Owino Uhuru, kilimwajiri Phyllis Omido. Moja ya majukumu yake ya mwanzo lilikuwa kusimamia tathmini ya athari za mazingira, wakati kiwanda kilikuwa tayari kinafanya kazi. Rudi kidogo kwenye kifungu cha 58 ucheke. Ushauri uliotoka ulikuwa kwamba kiwanda hakifai kuwa mahali pale, na yeye akaondolewa kwenye shughuli hiyo. Kimeneja, mambo yalikuwa yamekwisha. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi katika damu yake. Huyu mama hakukaa kimya tena. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Wenye mtaa walishtaki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, pamoja na fedha za kuusafisha mtaa. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mzigo, kwa hiyo mteja akikuambia "NEMA waliniruhusu" mwambie inawezekana wakakaa benchi moja. Watu wa Owino Uhuru walikuwa wakiishi katika nyumba za mabati, na wengine walikwisha kuzikwa kabla ya hukumu ya kwanza. Hapa kejeli yangu inanikauka, basi tuendelee.

Utagundua mapema kwamba wateja ni mabingwa wa hesabu. Adhabu ya jumla katika EMCA, kama ilivyorekebishwa 2015, ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Ndiyo hiyo waliyotishiwa wenye mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Mtambo wa kusafisha majitaka ya kiwanda cha wastani unazidi milioni 4 kwa mbali. Mteja atatoa simu, atabonyeza, atatabasamu: ni nafuu kukamatwa. Hesabu yake ni sahihi, nawe usiiharibu kwa kutaja vitu ambavyo havimo kwenye simu, kama amri ya kuyarudisha mazingira yalivyokuwa kwa gharama ya mchafuzi, fidia, au kifungu kinachomfikia mkurugenzi mwenyewe aliyejua jambo na asichukue hadhari. Neno "kifungo" mteja hulisoma kama mapambo. Anaamini kitamwangukia meneja.

Baada ya leseni kuna ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Kampuni inajikagua yenyewe, kupitia mtaalamu inayemlipa, kisha inapeleka ripoti. Mambo mengi ya ukaguzi ni ya kawaida: vizima-moto vimejazwa, mapipa ya taka yana rangi tatu, wafanyakazi wamepigwa picha wakiwa na helmeti mpya ambazo bado zina nailoni. Kazi iko kwenye maji. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD, yaani oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliomo, kuwa miligramu 30 kwa lita moja ya maji yanayotolewa kwenye mazingira. Kiwanda cha vitambaa au cha maziwa kikiachia maji yake ghafi kinaupita mpaka huo mara nyingi.

Mbinu inayosifiwa ni hii. Maabara iambiwe ije Jumatatu alfajiri, mitambo haijawashwa, na usiku wa Jumapili iwe mvua ilinyesha. Mlinzi afungue kifuniko cha chemba ya mwisho, ile ya karibu na ukuta. Fundi atashusha chupa kwa kamba, ataipandisha, ataifuta kwa kitambaa, ataandika tarehe na saa kwenye kibandiko. Maji yatatoka maangavu kama ya dafu. Mpira wa bustani uliokuwa umeingizwa kwenye chemba tangu saa tisa usiku utakuwa umeshaviringwa na kutundikwa. Cheti kitarudi baada ya wiki mbili kikisema miligramu 11, na kila mtu atashukuru.

Walakini wa mbinu hii ni mtaa wa chini. Watoto wa huko wanajua leo kiwanda kinatia kitambaa rangi gani kwa kuutazama mtaro. Jumanne buluu, Alhamisi nyekundu. Wanajua pia kwamba lipo bomba la pili, lisilopita kwenye mtambo wa kusafishia, linalofunguliwa usiku. Halimo kwenye mchoro wowote uliowahi kuuona ofisini kwako. Zamani ilitosha kusema hao ni watoto. Siku hizi mmoja wao ana simu yenye kamera nzuri kuliko ya mtaalamu wako, na video ina saa na tarehe kama kibandiko cha maabara. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wazee. Lakini mwanaharamu wa siku hizi hapiti, anasimama na kurekodi.

Siku ya mkaguzi kuja bila taarifa, mlinzi aseme meneja ametoka. Asiongeze neno. Walinzi wengi wameipoteza kesi kwa adabu, kwa kumwambia mgeni, "Subiri kidogo, wanafunga bomba."

Pengine mteja mmoja kati ya wengi atakuuliza ingekuwaje kama angefanya sawasawa. Utashtuka, lakini jibu. Mwambie anunue kiwanja baada ya mtaalamu kukikanyaga, siyo kabla. Mwambie masharti ya leseni yabandikwe pale penye mashine, kwa Kiswahili, kwa sababu anayeyavunja ni mtu wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kuyaona. Sampuli zichukuliwe Alhamisi saa nane mchana, kazi ikiwa imepamba moto, na namba mbaya zipelekwe NEMA pamoja na tarehe ya kuzirekebisha; mkaguzi anayekuta tatizo kwenye barua yako ni mtu tofauti na anayelikuta kwenye video. Majirani wapewe namba ya mtu anayepokea simu. Ushauri wote huu unaingia ukurasa mmoja na nusu, na ankara yake ni ndogo, ndiyo maana mawakili hatuutangazi.

Kwa wale wengine, andika barua. Iwe fupi, itaje vifungu, itaje bomba la pili, iseme wazi kwamba ulimshauri alizibe. Ipeleke mwenyewe ofisini kwake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Usiridhike na saini ya katibu peke yake, wala na alama mbili za buluu za WhatsApp. Mteja akisimama kizimbani, neno lake la kwanza litakuwa, "Mheshimiwa Jaji, wakili wangu aliniambia hakuna shida." Nakala hiyo usiiache ofisini.